Kamba ya Gunia kwenye Boya

Sikumpenda fundi mkuu tangu siku ya kwanza, na sitajifanya hapa kwamba nilimpenda. Alikuwa mtu mnene mwenye kucha nyeusi za grisi, na ukimwambia jambo alikusikiliza huku akitafuna kijiti, kisha akatema kijiti badala ya kukujibu. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi Kisumu, cheti changu nimekitia kwenye bahasha ya plastiki kisishikwe na jasho. Alikitazama, akaniuliza kama chuoni walinifundisha pia kushika spana. Wafanyakazi wawili waliokuwa kwenye banda la pampu wakacheka. Niliwachukia wote watatu kwa mpigo, na yeye nikamweka wa kwanza kwenye orodha.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, kwenye mradi mdogo wa mpunga katika nyanda za Kano, upande wa ziwa, mbele kidogo ya Ahero. Nyumbani kwetu kulikuwa humo humo ndani ya mradi. Nchi ile iko chini, na mvua inayoizamisha hainyeshi kwake. Hunyesha huko juu milima ya Nandi sisi tukiwa tumeanika mpunga juani, na baada ya saa chache mto unatuletea maji ya watu wengine. Kwa sababu hiyo tulizungushiwa tuta la udongo, tukachimbiwa mifereji, na mwisho wa mfereji wa chini zikawekwa pampu mbili za kuyatupa maji ziwani.

Pampu hizo zilitakiwa kujiwasha zenyewe. Katika mfereji wa chini kulikuwa na boya la bati, kubwa kama sufuria ya ugali wa matanga, limefungwa kwenye mkono wa chuma uliotoka katika nguzo ya saruji. Maji yakipanda, boya linapanda, mkono unabonyeza swichi. Kutoka kwenye swichi waya ulipita juu ya vigingi, ukafuata tuta karibu kilomita mbili mpaka kwenye banda letu. Hapo taa ya kijani ingezimika, nyekundu ingewaka, pampu zingenguruma, na king'ora kilichokuwa juu ya paa kingelia ili watu wa mashamba ya chini wapande kwenye tuta. Waliotujengea mtambo huo walipiga picha, wakala samaki, wakaondoka.

Nyumba ya wazazi wangu ilikuwa ya mwisho kabisa, hatua chache kutoka kwenye boya. Baba alikuwa amepooza upande wa kulia. Kutoka kitandani hakuweza, na kusema alisema kwa shida, ingawa matusi yalimtoka vizuri. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini niliuchukulia mtambo ule kama jambo la kufa na kupona, jibu lilikuwa limelala kwenye kitanda cha kamba pale chini.

Wiki yangu ya pili kazini nilitembea juu ya tuta nikaona waya umekatwa. Mtu alikuwa amechukua kipande kirefu, nadhani cha kufungia mizigo kwenye baiskeli. Nikarudi mbio bandani. Taa ya kijani ilikuwa inawaka, imetulia kabisa. Hakuna aliyejua waya ule ulikuwa umekatwa kwa siku ngapi. Kwa mtambo ule, mfereji mkavu na waya uliokufa vilikuwa kitu kimoja.

Nilimweleza fundi mkuu. Akatafuna.

"Ikikatika tutajua," alisema.

"Tutajuaje, Mzee?"

"Tutalowa."

Nilimwandikia barua mwenyekiti wa kamati ya wakulima bila kupitia kwake, jambo ambalo ni tusi, na nilikusudia liwe tusi. Kamati ilinikubalia nibadilishe. Nikaigeuza swichi ili umeme upite kwenye waya muda wote maji yakiwa chini, na chochote kitakachoukata umeme huo, kiwe maji, mwizi au mbuzi, kikilize king'ora. Mpaka leo nasema nilifanya sawa. Mtambo ukinyamaza usidhani kwamba mambo ni mazuri. Huenda umekufa.

Fundi mkuu alikuja kutazama nikiwa namaliza. Alizunguka nguzo mara mbili, kisha akasema maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia.

"Omera, ndugu yangu, hii iko sawa. Lakini sasa itapiga kelele kila siku. Weka boya ya pili huko mbele. Ya kwanza ikisema maji, uliza ya pili. Wakikataana, mtu anaenda kuangalia na macho. Wakikubaliana, basi, piga king'ora. Watu ukiwadanganya mara tatu, ya nne hawatoki."

Boya la akiba lilikuwepo stoo, chini ya magunia matupu. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Nilimjibu kwamba anatafuta njia ya kulala usingizi, kwamba afadhali king'ora kilie bure mara mia kuliko kinyamaze mara moja. Nilisema hivyo kwa sauti, ili wale wawili bandani wasikie. Alitema kijiti chake kwenye mfereji akaenda zake. Miezi michache baadaye alinikumbusha tena habari ya boya la pili, nikamwambia mimi sifundishwi kazi na mtu asiyejua kusoma mchoro. Kusoma mchoro alijua. Nilijua kwamba anajua.

Kwa miaka kadhaa mambo hayakuwa mabaya sana. Kisha, katika miaka ya tisini, gugumaji likaja. Watu wa Asembo Bay walikuwa wameshaanza kulilia, nyavu zao zinarudi na majani matupu, nasi tukacheka tukidhani ni shida ya wavuvi. Likaingia kwetu kupitia bomba la kutolea maji, likajaa mfereji wa chini, likasukumana kama watu kwenye foleni ya sukari. Tawi moja likipita chini ya boya, boya linapanda. King'ora kinalia, na mfereji haujajaa hata nusu.

Sasa niwaeleze kulia kwa king'ora kulikuwa na maana gani kwa watu wa chini. Wanawake walibeba watoto na masinia ya mpunga. Kuku walifungwa miguu. Vijana wanne wa jirani walikuja nyumbani kwetu, kila mmoja akashika mguu wa kitanda, wakambeba baba juu ya tuta kama maiti anayelalamika. Huko alikaa juani au mvuani, shuka limempanda, watu wote wa mradi wanamwona, mpaka mimi nifike na baiskeli, nilitoe gugu, niseme hakuna kitu. Msimu ule ilitokea mara nne. Kila mara nilifika nikiwa na haraka ya kuukagua mtambo, na kila mara nilisema maneno yale yale kwamba afadhali hivi. Sikumbuki kama nilimtazama baba usoni.

Mara ya tano hakikulia.

Ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali, anga haina hata wingu la kumfunika kuku. Fundi mkuu alikuwa ameenda Ahero kutafuta mkanda wa pampu. Nilikuwa peke yangu bandani, taa ya kijani mbele yangu. Akaja jirani yetu mmoja, mama wa makamo, amelowa sketi mpaka magotini, anahema.

"Maji imeingia huko chini," alisema. "Imefika kwa mlango ya mama yako."

Nami nilifanya kitu ambacho nimekirudia kichwani zaidi ya sala yoyote. Nilinyoosha kidole nikamwonyesha taa. Nilimwambia maji yakipanda ile huwa nyekundu, na waya ukikatika pia huwa nyekundu, kwa hiyo hayo aliyoyaona ni maji ya mfereji wa juu yamemwagika kidogo. Nilimfafanulia. Nilikuwa na subira ya mwalimu. Akanitazama, akatazama taa, akatazama sketi yake. Kisha akageuka akaanza kukimbia kurudi, na kule kukimbia kwake ndiko kulikoniamsha.

Niliziwasha pampu kwa mkono nikamfuata. Maji yalikuwa yamefika kiunoni. Ukuta wa nyuma wa nyumba yetu ulikuwa umeanguka. Mama alikuwa amesimama ndani, ameinua kichwa cha baba kwa mikono miwili, kitanda kimezama, maji yanamfikia baba kidevuni. Tulimtoa kwa kumburuta. Tulipomfikisha kwenye tuta nilirudi kwenye boya, nikaingiza mkono kwenye maji machafu, nikagusa kamba. Mtu alikuwa ameufunga ule mkono wa chuma kwenye nguzo, chini kabisa, boya lisipande kamwe. Nilikata kamba kwa kisu, nikaitia mfukoni bila hata kuitazama. Sikuhitaji kuitazama. Nilijua ni nani.

Baba alikufa siku tisa baadaye, hospitali huko Kisumu, mapafu yamejaa maji.

Kamati iliketi baada ya mazishi, kwenye stoo ya mpunga. Wanaume walikaa kwenye viti, akina mama kwenye benchi ndefu ukutani, na mama yangu katikati yao na kitambaa cheusi kichwani. Nilisimama nikaiweka ile kamba mezani, fundo lake bado zima, kwa kuwa nilikuwa nimeikata upande mwingine. Nilisema kuna mtu aliyekuwa anachoshwa na king'ora changu tangu mwanzo. Nilisema mtu huyo alikuwa na ufunguo wa mageti ya mifereji, na siku ya maji hakuonekana. Nilipiga meza, nikasema kikulacho ki nguoni mwako. Ninaona aibu kuandika kwamba nilifurahia. Nilikuwa na msiba, na nilikuwa nimepata mtu wa kumtupia.

Kamba ikapita mkono kwa mkono. Ilipita kwenye benchi ya akina mama, mmoja baada ya mwingine akaishika, akaitazama, akampa wa pili, bila kusema. Mama yangu naye aliishika akaipitisha. Mwisho ikamfikia fundi mkuu. Aliigeuza, akaliinua fundo karibu na macho. Kisha akatazama ile benchi ya akina mama kwa muda mrefu, na kijiti mdomoni kikaacha kusogea.

"Umeuliza akina mama?" alisema.

Nilimwambia asijifiche nyuma ya sketi za wanawake. Wanaume wakaguna kuniunga mkono. Alirudisha kamba mezani polepole, na baada ya hapo hakujitetea hata kwa neno moja. Kamati ikamwachisha kazi, na jioni ile alifunga sanduku lake la vifaa kwenye keria ya baiskeli akaondoka. Funguo zake nikapewa mimi. Kamba niliiweka kwenye droo ya meza yake, ambayo sasa ilikuwa meza yangu, kama askari anavyoweka ushahidi.

Hapa lazima nieleze jambo la magunia, ambalo kila mtu wa mradi alilijua tangu utotoni na mimi nililijua nusu. Mpunga wote ulipelekwa kinuni kwa trekta moja, magunia ya nyumba zote yamepandana, na akina mama wengi hawakuwa wamesoma. Basi kila mama alikuwa na fundo lake. Mmoja alizungusha kamba mara mbili akaacha masikio kama ya sungura, mwingine alisuka. Binti aliolewa na fundo la mama yake, akaongeza kidude kidogo ili yasifanane. Kinuni hakuna aliyewahi kubeba gunia la mwenzake. Wanaume wengi hatukuyajua mafundo. Mama alikuwa akinicheka, ati mwanawe anasoma vitabu vinene lakini gunia linamshinda.

Mavuno yaliyofuata mama aliumwa mgongo, akanituma kinuni nikamletee magunia yake. Nilisimama mbele ya mlima wa magunia nikasema yote yanafanana. Mama mmoja mpakiaji akacheka. Alikuwa yule yule aliyenijia bandani na sketi iliyolowa. Akashika mdomo wa gunia moja akaniita.

"Hii hapa. Mizunguko tatu, halafu inarudi na kushoto. Mama yako ni mtu wa kushoto, wewe hujui?"

Kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka. Aliondoa mkono wake kwenye gunia kana kwamba limemchoma.

Sikubeba gunia lolote. Niliendesha baiskeli mpaka bandani, nikafungua droo. Mizunguko mitatu, ncha imepita chini, ikarudi kushoto. Kamba ya katani, ile ya magunia. Msimu mzima ilikuwa imelala sentimita chache kutoka mkono wangu, na sikuwahi kuitazama.

Nilimkuta mama uani anapepeta. Niliitupa kamba kwenye ungo wake, juu ya mchele. Nilikuwa nimepanga maneno makali, na mengine niliyasema. Nilimuuliza kama alijua ameua mtu. Nilipoishiwa, aliitoa kamba kwenye mchele, akaiweka kando. Alisema kwa Kijaluo, taratibu, na nayaandika kama ninavyoyakumbuka.

"Mara ya nne baba yako alijisaidia kitandani, juu ya tuta, mbele ya watoto wa watu waliomshikia miguu ya kitanda. Alilia. Aliniambia, ikilia tena niache hapa hapa. Nilitaka apumzike wiki moja tu, nyathina, mwanangu. Nilikuwa nitaifungua Jumapili."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa unakuja unaangalia mashine yako unaondoka. Ningekuambia saa ngapi?"

Nikamuuliza basi kwa nini alinyamaza kwenye mkutano, akamwacha mtu asiye na hatia afukuzwe. Hapo ndipo aliponitazama.

"Ulikuwa unatafuta mtu wa kumla," alisema. "Nikaogopa."

Tuliishi baada ya hapo. Nilikula chakula chake, nilitengeneza paa lake. Lakini kuna mazungumzo ambayo hayakuwahi kurudi, na sitasema kwamba nilimsamehe, kwa sababu kila nilipofikia hatua ya kumsamehe nilijikuta na mimi nimesimama kwenye foleni hiyo hiyo, nyuma yake, na mimi sikuwa na kamba ya kulaumu. Nilikuwa na kidole kilichoonyesha taa.

Ilinichukua karibu mwaka mwingine kumtafuta fundi mkuu. Nilisikia yuko Usenge, anatengeneza injini za maboti. Nikapanda gari kwenda huko Jumamosi moja. Ufukwe mzima ulikuwa umetandazwa omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya nyavu, unatembea ukiziruka kama mtoto anayecheza. Nilimkuta ameinamia injini juu ya pipa, amenenepa zaidi, kijiti mdomoni. Alinitambua mara moja. Hakunipa mkono, akisingizia grisi.

Nilimweleza yote, ya kinuni, ya fundo, ya mama. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njiani. Hakushangaa hata kidogo.

"Nilijua siku ile," alisema. "Hiyo fundo nimeibeba kwa trekta miaka kumi."

"Kwa nini ulinyamaza, Mzee?"

Alifuta spana kwa kitambaa, pande zote mbili.

"Mama amezika bwana yake juzi. Nisimame mbele ya watu nimwambie nini? Wewe ndio ungeuliza. Nilikuambia uulize."

Ziwa lilikuwa nyuma yake, na gugumaji limesogea mpaka kwenye maboti. Alirudi kwenye injini, akakaza nati moja, akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Na ile boya ya pili, umeweka?"

Lilikuwa bado stoo, chini ya magunia. Funguo za stoo zilikuwa mfukoni mwangu wakati ule ule, nazisikia kwenye paja. Kila nilipotaka kulitoa nilikumbuka ni wazo la nani.

"Bado," nikasema.

Ndipo akainua kichwa. Alikitema kile kijiti mchangani, karibu kabisa na kiatu changu.

"Sasa huku umefuata nini?"

Nilikuwa nimetoka Kano mpaka Usenge kuomba msamaha, na nyumba ya mama yangu ilikuwa bado inalindwa na boya moja.